Makopo nane ya kuondoa uchovu, nimeyapima kwa ngazi za ghorofa ya tatu Kariakoo

Mwenzenu nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa kumi, na presha nayo ilikuja baadaye ikakaa bila kukaribishwa. Nauza vitenge na madera Kariakoo, frem yangu iko ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake tangu naingia ni ya kubandikia matangazo ya vyumba vya kupanga. Kwahiyo ni ngazi. Ziko 66, nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu mauzo. Zamani nilikuwa nazipanda na balo la mzigo kichwani huku naongea na simu, ila kuanzia mwaka juzi mwishoni nikawa napanda mikono mitupu na napumzika vituo vitatu kama daladala, na kile cha tatu nakaa chini kabisa kwenye sakafu, mtu mzima na dera langu, watu wananiruka.

Nielezee kidogo huo uchovu mana ukisema umechoka hapa Dar kila mtu anakujibu na mimi nimechoka. Huu sio ule wa kulala ukaamka umepona. Huu unaamka nao. Nashuka mwendokasi pale Gerezani nimesimama tangu Kimara, miguu inawaka moto chini ya nyayo alafu vidole vina ganzi kama nimevaa soksi wakati sijavaa, kichwa kizito, mteja anauliza bei ya kitenge ambacho nakiuza miaka sita na nasahau bei. Mdogo wangu akaniambia dada wewe unahitaji virutubisho. Basi hapo ndo safari ya makopo ilipoanza, na kwakuwa nimetoa hela yangu mwenyewe bila kupewa ofa na mtu naona nina haki ya kusema lipi limefanya kazi na lipi limenila. Kipimo changu ni kimoja tu, vituo vya kwenye ngazi. Nilianza na vitatu.

Kopo la kwanza halikuwa kopo, ilikuwa chupa, ya kampuni ya biashara ya mtandao, zile ambazo mnunuzi naye anageuzwa muuzaji, siitaji na msiniulize. Jirani yangu wa frem ya pili alinipeleka semina, ukumbi una kiyoyozi, watu wamevaa suti, kila anayesimama anatoa ushuhuda, huyu alikuwa hatembei, huyu figo zilikuwa zimekufa. Alafu kuna ile mashine, nadhani wengi mmekutana nayo, unashika kichuma mkononi dakika moja tu inasoma mwili mzima inatoa karatasi kibao. Mimi yangu ilisema ini lina sumu, mifupa imepungua madini, na ubongo haupati oksijeni ya kutosha. Nikaogopa kweli. Nimefika nyumbani naisoma vizuri na miwani nakuta ukurasa wa nyuma kabisa umeandikwa tezi dume yangu iko katika hali nzuri. Nina watoto watatu wa kuzaa mwenyewe jamani. Nikampigia yule dada wa semina akasema aah mama labda nilisahau kubadilisha jinsia kwenye mashine, sasa nikajiuliza kama mashine inasoma mwili inahitaji kuambiwa jinsia ya nini, lakini aibu yenyewe hela nilishatoa, 95,000 chupa moja na nilichukua tatu mana ukichukua tatu unakuwa balozi.

Vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Utamu wake kama asali, na kumbe ndani ni asali kweli pamoja na juisi za matunda zilizokolezwa. Wiki ya pili napima sukari asubuhi kabla ya kula inasoma 16.4, mimi ambaye nikizembea sana huwa ni 10. Nampigia tena dada ananiambia hiyo ni sumu inatoka, mwili unajisafisha, usiache. Wapendwa, sukari ya 16 haijawahi kuwa usafi. Ukiwa na sukari ya juu hivo unakojoa usiku kucha, maji yanakutoka, na uchovu unakuwa mara mbili, kwahiyo nililipa 285,000 ili nichoke zaidi. Ngazi vituo vinne. Chupa ya tatu bado iko kabatini, na dada mpaka leo ananitumia meseji kila Jumatatu "habari za asubuhi balozi".

Baada ya hapo nikasema narudi kwenye vitu vyetu. Mlonge, unga wa majani, nilinunua kwa bibi mmoja anauza viungo na dawa za asili pale sokoni, mfuko elfu tano, ikaisha nikachukua mwingine. Sina ugomvi na mlonge, majani yake ni mboga nzuri yenye protini na vitamini, kwenye uji unavumilika ila kwenye chai unaharibu chai. Ila uchovu haukusogea hata ngazi moja. Na anayetumia vidonge vya sukari aangalie, mana mlonge nao unaweza kushusha sukari kidogo, ukijumlisha na dawa za hospitali unaweza kujikuta unatetemeka na jasho jembamba kwenye kituo cha basi. Bibi alinipa pia rozela ya kuongeza damu. Nilikunywa kwa sababu ni tamu na baridi, kuwa nyekundu tu hakuifanyi iwe damu.

Sasa kopo la tatu ndo lilinidanganya vizuri kuliko yote. Unga wa nguvu, kopo jeusi lina picha ya simba, nilinunua 70,000 duka la watu wa jimu huko Sinza baada ya mwanangu wa kiume kuniambia wenzake wanatumia. Siku ya kwanza nilipanda ngazi vituo viwili. Vi-wi-li. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia tumepata. Siku tano nzima mimi ni mtu mpya, napanga mzigo, nafokea wasaidizi, naongea mpaka naongea mwenyewe. Siku ya sita moyo unagonga kama ngoma ya kigodoro, usiku sipati usingizi naangalia dari mpaka adhana ya alfajiri, presha napima duka la dawa hapo mtaani kwetu 168 kwa 102. Nikampa mwanangu asome lebo, kuna jinsengi na kuna kitu kinaitwa guarana. Guarana ni mbegu za mmea wa huko Amazoni na kilichomo ndani yake ni kafeini, ileile ya kwenye kahawa tena nyingi kwa uzito wake. Kwahiyo nilikuwa nakunywa vikombe vya kahawa kwa bei ya kiroba cha mchele. Kafeini haikupi nguvu, inakukopesha tu, na mwenye presha analipa riba. Nikaacha, siku mbili kichwa kiliniuma kama kimefungwa waya, na ngazi zikarudi vituo vitatu na nusu, hiyo nusu ni pale nilipoegemea ukuta.

La nne na la tano napita haraka. Vidonge vya kijani vya spirulina 60,000, vinanuka kama bahari ikikupwa, muuzaji alinisisitizia vina B12 nyingi kuliko nyama. Hili nikaja kuambiwa baadaye kwamba kile kilichomo kwa wingi ni kitu kinachofanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia, ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa ila haugeuki, asiyekula nyama wala samaki asivitegemee. Na vitamini vya nywele ambavyo binti yangu aliniletea, bayotini mikrogramu 10,000, nilivimeza kwa sababu kopo liliandikwa nywele, kucha na nguvu. Nywele sijaona tofauti. Ila kuna jambo la kujua hapa: bayotini nyingi inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, vya tezi ya shingo na hata kile cha moyo cha kuangalia kama mtu kapata shtuko, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Mimi daktari alitaka kunipima tezi kwa sababu ya uchovu, bahati nzuri aliuliza unameza nini kingine, akaniambia acha hivo vidonge kwanza ndo urudi maabara. Nikaacha, nikarudi, tezi nzima. Fikiria ningeanzishiwa dawa za tezi kwa sababu ya nywele.

Sasa tuje kwenye vidonge vya damu, na hapa naomba mnisikilize vizuri mana ndo palinishangaza.

Kila mtu alikuwa anasema wewe damu imepungua. Nikapima zahanati hapo Kimara, kweli wingi wa damu 10.1, na mwanamke inatakiwa kuanzia 12. Wakanipa vile vidonge tunavyopewa kliniki ya wajawazito, madini chuma na foliki asidi pamoja, sio ghali, 12,000 za miezi miwili. Nikafanya na masharti yote, simezi na chai mana chai ya rangi inazuia chuma kuingia mwilini, nameza na juisi ya chungwa kidogo, simezi na maziwa, na tumbo lilifunga kama geti la benki. Baada ya miezi miwili nikapima tena, 11.2. Watu wakapiga vigelegele. Karatasi inapendeza, lakini mimi ngazi bado vituo vitatu na ganzi imepanda kutoka vidole mpaka kwenye kifundo, nimevua ndala moja nikatembea hatua nne ndo nikagundua iko nyuma. Duka moja la dawa mjini nikasema nina ganzi, yule dada hakuuliza hata swali akanipa vidonge vya B komplex vya neva, 30,000, kimoja kutwa mara mbili. Hilo ndo kopo la saba.

Alafu nikapata bahati. Vidonge vya neva vimeisha, nikapitia famasi nyingine maeneo ya Upanga nimetoka kumsalimia mgonjwa Muhimbili, nikamkuta kijana mmoja kwenye kaunta, nikamwambia mwanangu nipe hivi hapa na vya damu viwili. Badala ya kugeukia shelfu akaniuliza, "Mama, shikamoo, samahani, una ugonjwa gani mwingine na unatumia dawa gani?"

Wapendwa, nimezunguka na hela mkononi mwaka mzima, semina, mitishamba, jimu, maduka, nimekutana na wauzaji sijui wangapi, na huyu ndo wa kwanza kuuliza unatumia dawa gani. Nikamwambia nina sukari, nameza metformini gramu moja asubuhi na moja jioni, na ya presha. Akauliza metformini tangu lini. Nikamwambia miaka tisa. Akaacha kuandika risiti. Akaniuliza miguu ikoje.

Akanieleza taratibu, na foleni nyuma yangu inaguna. Metformini ni dawa nzuri na hakusema niache, tena alirudia mara mbili usiache mama. Lakini ukiitumia miaka mingi, hasa dozi kubwa, inapunguza uwezo wa utumbo kunyonya vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Ini lina akiba ya B12 ya miaka kadhaa, ndo mana hauoni kitu mwanzoni, akiba inachotwa polepole mpaka siku unafika chini ya debe. B12 ikipungua unachoka, damu inapungua, unasahausahau, na neva za miguu zinaanza kufa ganzi, na hiyo ganzi kila mtu akijua una kisukari anasema ni sukari imekula neva basi yameisha, hakuna anayetafuta zaidi. Uingereza mamlaka yao ya dawa mwaka 2022 iliwaambia madaktari kabisa kwamba mtu yuko kwenye metformini akiwa na dalili hizo apimwe B12. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hata mara moja, na kliniki nahudhuria.

Akaomba kama nina karatasi za vipimo vya zamani. Mimi karatasi huwa natembea nazo kwenye mkoba kama mtu wa mirathi, nikampa. Akaweka kidole kwenye ile ya kwanza kabisa ya zahanati, kabla sijaanza vidonge vya damu, kuna herufi MCV, imeandikwa 104. Akasema hiki ni ukubwa wa chembe nyekundu, kawaida huwa haizidi 100 hivi. Damu ikipungua kwa kukosa chuma chembe zinakuwa ndogo. Za kwako mama ni kubwa. Yani jibu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yangu mwenyewe muda wote nalibeba kwenye mkoba kati ya risiti za vitenge.

Na hapa ndo akanitisha kuhusu vile vidonge. Foliki asidi na B12 wanafanya kazi ya damu pamoja, ukijaza foliki peke yake wakati B12 haipo, damu inaweza kupanda vizuri tu kwenye karatasi lakini neva zinaendelea kuharibika kimyakimya, mana neva hazidanganywi na foliki. Ndo ile 11.2 yangu ya vigelegele. Alafu akachukua kopo langu la neva akasoma lebo, B6 miligramu 200 kila kidonge, mimi nilikuwa nameza viwili, 400 kwa siku. Kumbe B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaleta ganzi. Dawa ya ganzi inaleta ganzi! Marekani kikomo chao kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku, na Ulaya mwaka 2023 walishusha mpaka 12. Mia nne. Na B12 ndani yake ilikuwa mikrogramu 200 tu.

Hakuniuzia kitu siku ile. Aliniandikia kwenye kikaratasi vipimo viwili, B12 na ferritini ambayo ni akiba ya chuma, akasema nenda nacho kwa daktari wako usije kwangu. Nilitoka pale na hela yangu yote mfukoni, kitu ambacho hakijawahi kunitokea kwenye duka la dawa.

Vipimo viwili vilinigharimu 120,000, nilinung'unika sana, bima yangu haikulipia. Majibu: ferritini 62, yani chuma ninacho cha kutosha na vile vidonge vilivyonifunga tumbo miezi miwili havikuwa na kazi ya kufanya. B12 ilikuwa 148, na chini ya 200 wanahesabu una upungufu. Daktari wa kliniki alisoma akakaa kimya kidogo alafu akasema mama hii tumekuchelewesha. Nilimheshimu kwa hilo, wengi wangesema wewe hukusema.

Sindano zikaanza, B12 mikrogramu 1,000, siku moja ndio siku moja hapana wiki mbili, kisha kila wiki, sasa nameza kidonge cha mikrogramu hizohizo 1,000 kila siku na hicho ndo kopo la nane, 28,000 vidonge 60. Nilimuuliza kama utumbo haunyonyi kidonge kitasaidia nini, akasema kuna njia ya pili, asilimia moja hivi ya B12 hupenya yenyewe bila kuhitaji msaada wowote, kwahiyo ukimeza nyingi hiyo asilimia moja inatosha. Rangi ya kidonge ni ya waridi, hakina ladha, kopo baya halina hata picha ya simba.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, sitaki kuwadanganya. Wiki ya tatu nimefika ghorofa ya pili ndo nikakumbuka sijasimama ghorofa ya kwanza. Mwezi wa tatu kituo kimoja. Bei za vitenge zimerudi kichwani, na wateja wa mkopo wamegundua hilo kwa masikitiko. Moto wa nyayo umepungua sana, ganzi imeshuka kutoka kifundo mpaka vidole vitatu vya mguu wa kushoto na imegoma hapo, daktari anasema neva zikikaa bila B12 muda mrefu zingine hazirudi zote. Hiyo ndo bei ya mwaka mmoja wa makopo, kuliko hata hela. Na hela yenyewe nimeijumlisha, yale saba ya kwanza, ukiacha vya nywele alivyoniletea binti yangu, ni 467,000.

Uchovu haujaisha wote pia. Ukweli usemwe, kuna nusu yake haikuwa ya kidonge chochote, ni sukari iliyokuwa inaniamsha kukojoa mara nne usiku, na hiyo imetulia baada ya daktari kuniongezea dawa ya pili ya sukari na mimi kuacha chapati mbili za asubuhi pale kwa mama ntilie nikabaki na yai na mchicha. Hakuna kopo la kulala.

Kuna mtu atauliza si ungekula maini tu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasema hivo hivo, mtu amepauka mpeni maini, na mwanangu anasema wazungu waliligundua hilo Boston mwaka 1926, madaktari wawili George Minot na William Murphy waliwalisha maini kila siku wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu uliokuwa unaua, wakapona, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple, na miaka ya baadaye ndo ikajulikana kilichokuwa kinawaponya ni B12 iliyojaa kwenye maini. Kwahiyo bibi hakukosea. Maini, dagaa, samaki wa Feri, mayai, maziwa, vyote vina B12, mbogamboga hazina. Mimi nakula, ila kwa sababu tatizo langu liko kwenye kunyonya na sio kwenye sahani, maini peke yake yasingetosha. Mjamzito tu asishindane na maini kila siku, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto.

Nina jambo la mwisho la vile vidonge vya damu vilivyobaki. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi mbili nikataka kumpa mtoto wa mdogo wangu, ana selimundu, na yeye kutwa amechoka, nikaona huyu si ndo damu imepungua kabisa. Mdogo wangu akauliza kwanza kliniki yao, wakamkataza, mtoto anapewa foliki asidi peke yake kila siku na hiyo ndo yake, chuma hapewi mpaka apimwe aonekane anakikosa, mana watoto hawa wakiongezewa damu mara kwa mara chuma kinajaa mwilini kinaharibu ini na moyo. Yani kidonge kilekile, kwangu hakina kazi, kwake ni hatari. Na yule kijana wa Upanga, nilirudi kumpelekea shukrani na maandazi, akaniambia anawauliza wote hivo, kuna wanaotumia dawa za ARV za sasa zenye dolutegraviri wanakuja kununua kalsiamu na chuma vya nguvu wakimeza pamoja tumbo likiwa tupu dawa haiingii vizuri mwilini, inabidi wameze ARV saa mbili kabla au saa sita baada, au vyote kwa pamoja na chakula. Mwenye dawa za tezi naye aachanishe na chuma au kalsiamu kwa muda wa saa nne. Nikamuuliza wangapi wanakuambia wenyewe kabla hujauliza. Akacheka tu.

Kwa wanaouliza maksi: mlonge nampa heshima yake kama mboga. Kopo la simba sifuri, na mwenye presha akae nalo mbali. Chupa ya asali ile ni sifuri kwa mwenye kisukari, na mashine ya kiganjani msiipe hata mkono. Vya neva vyenye B6 kubwa someni lebo. B12 kwangu mimi nane kati ya kumi, hizo mbili ziko kwenye vidole vyangu vya kushoto, ila mtu ambaye B12 yake iko sawa akimeza atakojoa tu hela yake, tena mkojo wa gharama. Metformini naendelea nayo, B12 napima tena mwezi wa kumi na mbili.

Kituo cha ghorofa ya pili sijakifuta. Pale kuna anko anauza viatu vya mtumba, kipindi kile naanguka anguka aliniwekea stuli nje ya frem yake bila kuniuliza, na kila asubuhi ana chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi. Siku hizi ningeweza kupitiliza. Ila ferritini yangu ni 62, chai nakunywa bila wasiwasi.